Majiko Mbele ya Mlango

Juzi, katika komini ya Annexe, pembezoni mwa jiji, niliona wanawake wakipika mbele ya nyumba moja iliyofungwa, ingawa kila mmoja alikuwa na ua wake wa kupikia. Nikasimama, maana moshi wa namna ile naujua.

Alasiri moja ya utoto wangu baba alitufungia ndani, mama na mimi, akaketi na ufunguo mfukoni. Mdomo wa mama ulikuwa umevimba. Nje, majirani walileta mbabula zao, majiko ya makaa, moja baada ya nyingine, wakazipanga mlangoni petu. Harufu ya samaki wa Kasenga ikapenya chini ya mlango.

"Muende mupike kwenu," baba alisema.

"Kwetu mupepo iko mingi, shemeji," akajibu Mama Kabwe, jirani yetu wa ukuta mmoja. "Bukari ikiiva, tutaenda."

Ugali huo haukuiva. Nilidhani hawajui kupika, nikalia kwa njaa. Kila mara kiti cha baba kilipolia akiinuka, wao waligonga miiko kwenye sufuria, naye akaketi tena. Jua lilipoanza kushuka, akafungua. Mama akanishika mkono, tukapita katikati ya majiko. Nilichungulia masufuria: samaki walikuwa katika moja tu. Mengine yote yalichemsha maji matupu.

Juzi, kule Annexe, mlango ule ulikuwa bado umefungwa. Mwanamke mmoja alinisogezea kigoda, nikaketi.