Jirani Aliyezoea Njaa

Zamani jirani yetu wa mtaa wa Langoni, mshonaji wa mabuibui, alikula kwa furaha iliyosikika hadi kwetu. Akimaliza wali wa nazi alisema, “Alhamdulillahi, huu ndio wali!” nasi watoto tukacheka kibarazani. Siku hizi husukuma wali pembeni mwa sahani, huchambua samaki bila kumla, kisha hufunika sahani kwa kawa. Asubuhi hutembea hadi kijiji cha Shela na kurudi, na jioni tena, hata mvua ikinyesha. Akizuiwa, huzunguka uani hadi aachiwe. Alianza kwa kutaka kupungua kabla ya harusi ya bintiye. Harusi ikapita, yeye hakuacha, na mabuibui yake mwenyewe akawa anayapunguza kila mara.

Nilimsindikiza zahanati. Gakii, muuguzi, akamwambia, “Bi, zamani ubongo wako ulikupa raha ukila. Sasa umezoea kukupa raha hiyo ukikaa na njaa na ukitembea. Si ukaidi, ni ugonjwa, na unatibika.” Jirani akakunja pindo la buibui. “Ndaa hunambia hongera,” akasema kuhusu njaa hiyo. “Chakula hakinambii kitu.”

Ijumaa iliyopita mama alimwita aje, “Ndoo ule nasi.” Akaketi mkekani, akala tonge, akatafuna kwa muda mrefu, machozi yakimtoka. Kisha akainuka ghafla, akitafuta viatu vyake mlangoni. Mama akamshika mkono, akamwambia, “Leo keti, tembea kesho.” Jirani akasimama pale mlangoni kitambo. Kisha akarudi, akaketi.