Siku Mama Filimbi Alipoonjeshwa Umeme

Hebu mtazame kwanza anavyoingia, msomaji wangu. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, viatu vinang'aa mpaka unaweza kujikagua meno. Anasukuma mlango wa ukumbi wa mazoezi kwa bega, maana mkono mmoja una chupa ya maji na mwingine koti. Kazini wanamwita Mama Filimbi. Kwa miaka mingi aliongoza magari njia panda, na filimbi yake iliwatoa jasho hata madereva wasio na kosa. Sasa amehamishiwa doria. Huko watu hutembea na bastola ya umeme, na hapewi mtu bastola hiyo mpaka yeye mwenyewe aonjeshwe. Ndiyo desturi ya kikosi chao: mpishi asiyeonja, hapakui.

Lakini siku hiyo alikuwa na jambo jingine kifuani. Kesho yake alitakiwa mahakamani. Yeye na mwenzake wa doria, kijana wa miraba minne anayeitwa Chuma, walimkamata fundi wa vigae wakidhani ni mwizi. Mwizi hakuwa yeye, hilo lilijulikana siku ileile. Hata hivyo fundi akashtakiwa kwa kukaidi amri. Chuma alimpiga umeme, Mama Filimbi akawa anapaza sauti, "Mikono juu! Mikono juu!" na yule bwana, akiwa chini, hakuinua hata kidole. Chuma akabonyeza tena. Kisha tena. Na shahidi wa ukaidi huo alikuwa Mama Filimbi, aliyeona kwa macho yake mawili. Neno lake moja lingetosha kumpeleka fundi gerezani.

Mkufunzi, bwana mwembamba mwenye sauti nene, akainua ile bastola ya umeme.

"Hii ni silaha isiyokusudiwa kuua. Nimesema isiyokusudiwa, sijasema isiyoweza. Inarusha vishale viwili vyenye nyaya. Vikimnasa mtu, umeme unapita kati yavyo sekunde tano kila ukibonyeza, na misuli inajikaza yenyewe. Mtu anaanguka kama gogo. Hapa tuna magodoro na wenzenu wa kuwashika. Barabarani kichwa kinapokewa na lami. Na mwenye moyo mbovu, au ukimrudia mtu mara nyingi, usije ukasema hukuambiwa."

"Afande," akasema Mama Filimbi, "mimi nimezaa wanne. Huo umeme utanifanya nini?"

"Umeme hauulizi umezaa wangapi, mama."

Wakacheka. Wakambandika nyaya mgongoni, moja begani, moja karibu na kiuno. Chuma akamshika kwapa la kulia, askari mwingine la kushoto.

Lo! Ulisikika mlio kama wa panzi ndani ya kopo, na papo hapo mgongo wake ukaacha kuwa wake. Meno yakabana. Shingo ikawa ubao. Pumzi ilikwama njiani, haiingii wala haitoki vizuri. Cha ajabu ni kwamba akili ilibaki macho kabisa! Alimsikia mtu akikohoa nyuma. Akamsikia mkufunzi akimwamuru:

"Mama Filimbi, piga saluti!"

Alitaka kupiga. Aliuamrisha mkono, akausihi, akaulazimisha. Ule mkono ulining'inia palepale kama wa mtu mwingine.

"Huyo anakaidi amri!" sauti ya askari mmoja ikapaa. "Muongezeeni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndio mzaha wao wa tangu zamani: kila anayeonjeshwa huamriwa saluti, na hajapata kutokea aliyeipiga.

Umeme ukakatika, akaporomoka kwenye godoro. Mapaja yalimcheza, mdomo umemkauka. Chuma akamwinua huku bado anacheka.

"Pole dada, karibu chamani."

Mama Filimbi hakucheka. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Chuma, siku yako wewe uliipiga hiyo saluti?"

"Thubutu! Hata kope sikuweza kupepesa."

"Na yule fundi?"

Kicheko kikamfia Chuma mdomoni. "Yule ni habari nyingine."

"Nyingine ipi? Mimi nampigia kelele ainue mikono, na umeme wako bado unamtafuna!"

"Dada, punguza sauti. Ukiyasema haya kesho, kizimbani nitapanda mimi."

"Tutapanda wote. Aliyetoa amri ni mimi."

Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa mang'amung'amu. Asubuhi mwendesha mashtaka akamuuliza swali alilolitarajia: je, alimwona mshtakiwa akikataa amri?

"Nilidhani nimeona, mheshimiwa. Hakukataa. Alikuwa hawezi. Jana nilitiwa umeme uleule, nikaambiwa nipige saluti, nami sikuweza."

Fundi, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu aingie, akakiinua. Hakimu akavua miwani.

"Kikosini kwenu nani mwingine anayajua haya?"

Mama Filimbi akageukia benchi la askari. Chuma alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kila aliyepita kwenye ukumbi ule, mheshimiwa."

Niambie sasa, msomaji wangu. Watu wazima, wenye akili zao, kila mmoja alifungwa na umeme, akaamriwa, akashindwa, akachekwa. Ilikuwaje basi, walipomkuta binadamu mwenzao yu chini barabarani katika hali ileile, wakamwona mkaidi?