Oveni Iliyokataa Kushika Moto

Enzi zetu kule Diani, moto uliombwa kwa jirani. Ukitumwa na kigae, unarudi na kaa jekundu huku unalipuliza lisizime. Watoto wa siku hizi umeme ukikatika nusu saa, wanauliza watakula nini.

Basi enzi hizo Mzungu mmoja, ambaye baba alikuwa akimlindia kambi yake ufuoni, alirudi kwao akamwachia baba karavani. Nyumba nzima juu ya magurudumu, ina vitanda, mapazia na jiko la gesi lenye oveni. Ilipokaribia arusi ya shangazi Mwanasiti, dada yake baba, mama akaamua ataioka humo mikate ya mayai ya wageni. Baba alikuwa amekwisha kujisifu msikitini.

Siku yenyewe, mayai yamepigwa, iliki inanukia hadi nje, baba akapiga magoti mbele ya oveni. Alikumbuka kuwa ndani kuna kimoto kidogo, ndicho kinachowasha moto mkubwa. Akafungua mtungi, akabonyeza kidude, akawasha kiberiti. Kimoto kikatokea, kibuluu, mfano wa punje ya mtama. Alipoachia kidude, kikazima.

"Labda upepo," mama akasema. Tukafunga madirisha. Kikazima. Labda kinakosa hewa. Tukafungua. Kikazima. Baba akapuliza kitundu, akatoka buibui, tukashangilia kwamba mchawi tumempata. Kikawaka, kikazima.

Shangazi, ambaye kama bi arusi hakutakiwa kutoka ndani, akachungulia mlangoni na hina mikononi. "Kaka, hicho hakitaki kuwaka, au hakitaki niolewe?"

Baba alishika njiti nyingine, mama akamkamata mkono. "Usiwashe. Hunusi?" Gesi ilikuwa imejaa humo. Mama akafunga mtungi, akatutoa sote nje.

Baba akasimama kajishika kiuno. "Yule Mzungu alikuwa akikawia kidogo kabla ya kuachia," akasema. "Au alikuwa akikohoa tu? Sikumbuki."

Harufu ilipokwisha, akajaribu kukawia. Akakibonyeza hadi kidole kikafa ganzi. Akaachia, kimoto kikabaki. Tuliogopa hata kupumua. Moto mkubwa ukashika, mama akatia mikate, ikaanza kuumuka, halafu moto wote ukazima.

Mama akaihamishia mikate uani, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Ilitoka bapa kama chapati, wageni wakaila yote, na shangazi akaolewa salama. Kwa nini kimoto kilizima, baba alikufa hajui.

Juzi mjukuu wangu alibonyeza kitufe, oveni yake ikawaka. Nikamwuliza inawakaje. "Inawaka tu, bibi," akanijibu, akaenda chumbani na simu yake. Nikabaki jikoni peke yangu, nikiukumbuka ukoo mzima uliopiga magoti ndani ya karavani, kila mtu na rai yake, na hakuna aliyejua kitu.