Mlinzi Juu ya Handaki

Nilimpeleka mama mjini kwa hila. Nilimwambia tunakwenda kutafuta shali ya mtoto, kwani tumbo langu lilikuwa limeshakaribia siku zake, kumbe nilichotaka ni kumwonyesha picha katika jumba la makumbusho. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya jirani, na saa ya chakula nilikuwa nimeshaitazama mara nyingi. Ilichorwa kwa rangi ya mafuta na kujaa ukuta: kijiji cha wakati wa vita vya msituni, wanawake wanachimba handaki la kukitenga na msitu, watoto mgongoni. Juu yao amesimama homugadi, Mwafrika mwenzao aliyepewa bunduki na serikali ya mkoloni.

Mimi nilikuwa natafuta jina. Kwetu mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake mume, wa pili la babake mke. Wa kwanza nilikuwa naye tayari. Huyu wa pili, akiwa wa kiume, angekuwa baba yangu amerudi. Lakini kila nilipomtaja baba, mama alinikatiza: "Mtafutie mtoto jina lingine." Hilo si neno dogo. Ni kumzika mtu mara ya pili. Nami nilikua nikiambiwa kwamba baba aliingia msituni kupigania ardhi, akafia huko. Shujaa! Sasa aibu iko wapi? Nilimkasirikia mama hadi nikawa nakataa chai yake. Nikasema, maneno yakishindwa, labda picha itamfungua mdomo.

Mama aliitazama, mkoba ameukumbatia kifuani. Halafu akacheka, tena kwa sauti, akanyoosha mkono akamshika yule homugadi begani.

"Mama, hiyo kitu haiguswi!" askari wa mlangoni akafoka.

"Niache nimsalimie," mama akamjibu. Kisha akanigeukia. "Baba yako alikuwa anasimama hivi hivi, mguu mmoja mbele. Mimi niko chini nachimba, wewe mgongoni, naye anatupigia kelele tuharakishe kama wengine."

"Si ulisema alikuwa msituni?"

"Na msituni pia. Mchana anashika bunduki ya serikali, giza likiingia anawapelekea wenzake unga na risasi."

"Basi ni nani aliyemuua?"

"Pande zote mbili zilikuja kunipa pole," alisema. "Mkubwa wa homugadi alikuja akasema ni watu wa msitu. Watu wa msitu wakatuma mtu, akasema ni homugadi. Wote walilia. Walilia kweli, mwanangu. Nikilirudisha lile jina nyumbani, nitajuaje amerudi yupi?"

Tulikwenda kununua shali kwa Mhindi, mama akabishania bei kama kawaida yake, na mimi nikiulizwa rangi nikawa siwezi kuchagua. Nilimwonea baba fahari, nikamchukia, nikamhurumia, nikaona haya kwa ajili yake, na yote hayo kwa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki. Kesho yake nilipita njia nyingine kwenda kazini.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Mama mkwe akauliza, kama ilivyo desturi, ni nani aliyekuja. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikalitaja jina la baba kwa nguvu, kabla ujasiri haujaniishia.

Mama hakunigombeza. Alimpokea mtoto, akamlaza magotini. Kwetu nyanya humtania mjukuu mwenye jina la mumewe kwa kumwita mume wake, na wanawake walikuwa wanalingoja neno hilo.

"Mume wangu," mama akasema. Wakacheka, wakapiga vigelegele. Yeye akamwinamia mtoto hadi nyuso zikakaribia kugusana, akamwambia taratibu, "Karibu nyumbani. Sasa niambie ni nani aliyekuua."