Kahawa ya Kwenye Kichanja

Mume wangu alikuwa Ulaya akisomea udaktari. Si wa kutibu watu, wa mashine za kilimo. Serikali ilimpeleka ili akirudi atutengenezee namna bora ya kukausha kahawa. Vipimo vya utafiti wake nilivichukua mimi huku nyumbani Kamachumu, mtoto mgongoni.

Mikeka ilikuwa minne: mitatu chini, mmoja juu ya kichanja cha miti alichokichora mwenyewe kwenye barua. Kila jioni nilipima kahawa kwa mizani ya kuning'iniza, nikaandika kwenye daftari. Kila mwezi nilituma hesabu kwa posta ya Bukoba. Majibu yalikuwa ukurasa mmoja: asante, endelea, mvua nayo iandike. Mtoto hamuulizii. Nilianza kumshuku mume wangu hapo.

Kahawa ya kichanjani ilipungua uzito haraka mno. Aliandika kwa furaha: profesa amependa, udaktari wake wote sasa umesimama juu ya kichanja hicho. Mimi sikufurahi. Jua ni lilelile, mibuni ni ileile. Kuku hawafiki kule juu, basi kuna mtu anaichota. Nilimshuku balozi wa nyumba kumi, maana hakuchoka kuuliza, "Mama, hilo daftari unamwandikia nani?"

Asubuhi moja nilijibanza nyuma ya jiko, nikijifanya namenya ndizi. Akatoka mama mkwe na kikapu. Akasimama kwenye kichanja, akachagua punje mbichi, za kijani, moja moja, kama yuko sokoni.

"Mama! Hiyo ni ya kupimwa!"

"Sasa mgeni akija nimpe daftari atafune?"

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani kisha ikaanikwa. Hilo nalijua. Lakini mbona hiyo?

"Umechukua tangu lini?"

"Tangu mlipoiweka juu. Waitu jamani, mgongo wangu hauinami. Nilijua mwanangu amenijengea mimi."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Siku hiyohiyo nikamwandikia: hesabu za kichanja ni za uongo, mama yako amekuwa akichota. Msimu lazima urudiwe, na kahawa haikauki huko kwenye theluji. Njoo urudie mwenyewe. Mtoto ameanza kutembea, hakujui.

Nilisubiri miezi miwili. Jibu nililisomea palepale posta, nimesimama: "Kichanja nimeshakiandika vile, usimwambie mtu. Mikeka mingine endelea nayo." Basi. Habari ya kuja, hakuna. Ya mtoto, hakuna.

Nilipofika nyumbani mama mkwe akauliza, "Anasemaje? Anarudi?"

"Anasema kichanja chako kinafaa sana."

"Si nilikwambia!"

Msimu uliofuata nilimjengea kichanja kingine karibu na mlango wake, cha wageni. Kile cha kwanza nikakizungushia miiba, nikapima kila jioni bila kukosa, mpaka kahawa ikalia ndani ya ganda kwa ukavu. Mwishoni nikalinganisha. Kati ya kichanja na mikeka ya chini hapakuwa na tofauti ya kumfanya mtu daktari.

Hesabu hiyo sikumtumia. Ipo kwenye sanduku langu, chini ya nguo za mtoto, na ufunguo ninao mimi. Siku atakapokuja na cheti chake, tutakaa mezani na kukilinganisha na hesabu yangu.