Kipara cha Msiba Usiokuwepo

Miaka ile wawekezaji walipoanza kumiminika, kampuni moja ya wageni ya kuchoronga miamba ilitangaza nafasi ya dereva wa lori pale Singida mjini. Niliitaka kazi ile mno. Tatizo ni kwamba walipima nywele kutafuta dawa za kulevya, na mimi msimu wa kuvuna alizeti kule Ihanja nilikuwa navuta bangi kila jioni. Nilishaacha, miezi mitano ilikuwa imepita. Baba mdogo, aliyenilea, ndiye aliyeutupa mzigo wangu wa mwisho motoni, akaniweka kwake Mandewa chini ya macho yake mpaka hamu ikaisha.

Lakini mimi ni mjanja tangu utotoni, angalau kwa maoni yangu. Siku moja kabla ya kipimo nilinyoa kichwa chote kwa wembe, kikang'aa kama sufuria mpya. Kwetu mtu akifiwa hunyoa, kwa hiyo uongo nilikuwa nao tayari. Nani atabishana na kipara cha msiba?

Nesi wa kipimo alikuwa mama wa makamo, Mnyaturu mwenzangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakitazama kichwa changu.

"Pole, mwanangu. Nani amefariki?"

Sikuwa nimepanga nani. "Baba mdogo," nikasema.

Akaandika kwenye fomu. Kisha, kwa upole uleule, akasema, "Basi vua shati, tutachukua za kwapani."

Nikainua mikono kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Huku akikata, alinieleza kwamba bangi ikiingia kwenye damu hufika kwenye mzizi wa unywele, ikanaswa humo unywele unapokua. Uoge, usugue, haitoki.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Ilikuwemo.

"Mama, niliacha miezi mitano iliyopita," nikamwambia nesi, na safari hii nilikuwa nasema kweli, ila sauti ilikuwa ileile ya uongo.

Akanitazama kwa huruma. "Ungekuwa na nywele kichwani ungepona. Tunakata karibu na ngozi, tunapima sentimita tatu au nne tu. Kichwani zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo tunaona miezi mitatu hivi. Za mwilini hukua polepole, zikifika urefu wake husimama, zinakaa na mambo ya zamani."

Yaani ushahidi wa kuniokoa niliunyoa mwenyewe, nikaufagia, nikautumbukiza chooni. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na kwenye kipara masikio hayana pa kujificha.

"Bosi si mtu mbaya," nesi akaendelea. "Amesema ulete mtu mzima wa familia aliyekuona ukiacha. Akithibitisha, utapimwa upya nywele zikiota." Akaifunua fomu yangu, akasoma, akatikisa kichwa. "Masikini. Angekuwepo yule baba yako mdogo. Mungu amrehemu."

"Amina," nikasema.

Nilirudi Mandewa kwa miguu. Marehemu alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri, amevaa koti lake la Idi na viatu vilivyopigwa rangi.

"Nimejiandaa," akasema. "Wakitaka mtu wa kukusemea, twende sasa hivi."