Tatu Anayepatanisha Rangi Mpya na Ukuta wa Kale

Saa tatu asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba ya kijiji hiki kilichopo juu kidogo ya Mlola. Ndani ya kanisa la Kilutheri, Tatu binti Shemhina amekaa juu ya jukwaa la miti, kibao mapajani, akisubiri rangi ikauke.

Kibao kina madoa kumi na moja ya kijani. Analipuliza la mwisho, analisogeza ukutani, anatikisa kichwa. Kisha anachovya ncha ya kisu kwenye masizi na kuanza la kumi na mbili.

"Chokaa mbichi hudanganya," anasema bila kugeuka. "Unaiona imekoza, ikikauka inapauka. Ukiiamini ikiwa na maji, utarudia kazi."

Yeye alirudia. Mwaka 1949, katika kazi yake ya kwanza peke yake, alipaka baraza la duka moja mjini Lushoto, akaenda kulala ameridhika. Asubuhi ukuta ulikuwa kama umeugua. Aliupaka wote upya bila kudai senti.

Tatu ana miaka thelathini na minane. Ufundi aliupata kwa mumewe, Ramadhani, ambaye nakshi zake zilijulikana kuanzia Lushoto hadi Mombo. Mwaka 1948 ndoo ya chokaa ilimmwagikia usoni akiwa juu ya ngazi. Jicho moja likafa. La pili linatambua mwanga tu.

Kwa miezi mitano walikula maharage ya shambani, na Ramadhani hakutoka nje. Siku moja alimwambia mkewe achukue brashi, waende kazini wote wawili.

"Alikuwa akikoroga ananiuliza imefika wapi," Tatu anakumbuka. "Namwambia, imefika kwenye jani la mgomba lililoanza kukauka. Ananiambia, basi ongeza buluu, kidogo kidogo, kama unavyotia chumvi."

Rangi zao hazitoki kwenye makopo. Manjano na nyekundu ni udongo wa kando ya kijito, uliotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Buluu ni ile ya kufulia nguo. Chokaa huloweshwa siku nyingi, kisha hutiwa maziwa yaliyoenguliwa mafuta ili rangi ishike na isiache unga mkononi. Na kila mara Tatu huchanganya ya kutosha ukuta mzima, maana anasema rangi ya ndoo ya pili haifanani kamwe na ya kwanza.

Kazi iliyomleta hapa ilikuwa imemshinda fundi mwingine. Mkanda wa majani ya mzabibu unaozunguka kanisa ulichorwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Masika iliyopita paa lilivuja, na lipu ikaanguka kiasi cha pima mbili za mikono iliyonyoshwa. Fundi aliyeitwa kutoka Tanga alijaribu kwa rangi ya kopo, pakaonekana kiraka. Wazee wakaamua mkanda wote ufutwe kwa chokaa nyeupe kabla ya Jumapili ya kipaimara.

Tatu alipopata habari alipanda hadi kwa mzee wa kanisa, Tobia, akamwamkia na kuomba siku sita. Mzee Tobia anakiri kwamba alisita: Tatu alikuwa mwanamke, tena Mwislamu, na muda ulikuwa mfupi. Lakini baba yake Tobia alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe ya kanisa hilo, na mkanda ule aliuona tangu ujana wake.

"Nilimwambia, mama, ukishindwa tutafuta," anasema.

Doa la kumi na mbili linakauka. Tatu analiweka ukutani: safari hii linafanana. Alichokosa fundi wa Tanga, anaeleza, ni moshi: kijani kile kimekaa na taa za mafuta miaka ishirini, kwa hiyo kinahitaji masizi kidogo na chembe ya udongo mwekundu.

Anabandika karatasi ngumu iliyopakwa mafuta na kukatwa umbo la jani. Anagonga kwa brashi iliyo karibu kukauka, ili rangi isipenye pembeni. Mishipa ya majani anaichora kwa mkono, kila moja kivyake.

Jumamosi, kazi ilipokwisha, Mzee Tobia alitembea polepole kando ya ukuta, akasimama na kuonyesha mahali alipodhani pamezibwa. Palikuwa pa zamani. Akamshika Tatu mkono.

Kisha Tatu alimleta Ramadhani. Mumewe alipitisha kiganja juu ya mkanda, akasimama.

"Hapa umeacha ukingo," alisema.

Tatu alichukua msasa akapalainisha, na mumewe akapitisha mkono tena hadi aliporidhika.

Sasa wanatafuta chumba karibu na soko la Lushoto, ambako wanataka kuwafundisha kinamama wanaosiriba nyumba zao kwa udongo na wanaoujua tayari kwa mikono. Kibao cha mlangoni Tatu amekwisha kukiandika: Ramadhani na Tatu, Mafundi wa Rangi.

"Watu hudhani namshika mkono kwenda kazini kwa huruma tu, kwa kuwa haoni," anasema. "Mimi sikabidhi ukuta kabla hajaugusa."